Mtoto haoni ubao: kupimwa macho shuleni ni mwanzo tu, safari ya hospitali ni ya mzazi

Karibu kila shule ina mwanafunzi wa aina hii. Akisomewa swali kwa mdomo hulijibu sawasawa, lakini akiambiwa anakili zoezi kutoka ubaoni huruka mistari, hubadilisha tarakimu, au huinama kwenye daftari la jirani yake. Wenzake humwona mzembe. Ripoti ya muhula ikifika nyumbani, mzazi huamua kwamba mtoto hana bidii. Mara nyingi hakuna hata mmoja aliyewaza kuwa mtoto huyo haoni kilichoandikwa.

Mtoto mwenyewe hasemi, na si kwa sababu anaficha. Hajawahi kuona kwa namna nyingine, kwa hivyo anaamini kwamba hata wenzake wanauona ubao kama ukungu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kupima macho shuleni: kipimo hakimsubiri mtoto alalamike.

Makala haya yanaeleza hali ya kutoona mbali ni nini, jinsi wanafunzi wanavyopimwa, na kazi inayobaki kwa mzazi baada ya kipimo. Wakazi wa Trans Nzoia wana sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili, kwa kuwa moja ya tafiti zinazojulikana sana duniani kuhusu macho ya wanafunzi ilifanyika katika shule za kaunti hii.

Kutoona mbali ni nini

Jicho hufanya kazi kwa kukusanya mwanga. Mwanga hupita kwenye kioo cha mbele cha jicho, kiitwacho konea, kisha kwenye lenzi iliyo ndani, na kuangukia utando wa nyuma unaoitwa retina. Picha ikiangukia hasa juu ya retina, mtu huona vizuri. Kwa mtoto asiyeona mbali, kwa kawaida mboni nzima ya jicho imerefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma. Picha ya kitu cha mbali huishia mbele ya retina, na kinachofika nyuma ni ukungu. Vitu vya karibu havisumbui. Mtoto huyo anaweza kusoma kitabu, kutunga shanga, kuchambua mchele na kuona sisimizi sakafuni. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika, wakisema, “Macho yake ni mazima, mbona anasoma kitabu?”

Wataalamu huiita hali hii mayopia, na huipima kwa namba yenye alama ya kutoa. Namba hiyo si fumbo. Mtoto mwenye -1.00 huona bayana hadi umbali wa mita 1. Mwenye -2.00 huona bayana hadi nusu mita. Mwenye -4.00 huona bayana hadi sentimita 25 tu, yaani umbali wa kitabu kilichoshikwa karibu na uso. Zaidi ya hapo kila kitu huanza kufifia. Sasa fikiria mtoto wa -2.00 aliyeketi kwenye dawati la nyuma katika darasa la wanafunzi sitini.

Hali hii si ya kuzaliwa nayo kwa watoto wengi. Huanza mtoto akiwa shuleni, na huendelea kadiri mwili unavyokua, mara nyingi hadi mwishoni mwa ujana. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyepimwa akiwa Gredi ya 1 na kukutwa salama anaweza kuwa na tatizo akifika Gredi ya 6. Kipimo cha mara moja hakitoshi. Inafaa kirudiwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili.

Duniani, tatizo linaongezeka. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka wa 2016 yalionyesha kwamba ifikapo mwaka wa 2050 karibu nusu ya watu wote watakuwa hawaoni mbali. Katika Afrika Mashariki, watoto wenye hali hii bado ni wachache wakilinganishwa na wale wa China, Korea Kusini au Singapore. Lakini uchache huo haumsaidii yule mmoja aliyeketi darasani bila miwani, na huwafanya watu wazima wasimfikirie.

Jinsi wanafunzi wanavyopimwa

Kipimo cha shuleni ni rahisi, hakina maumivu na hakihitaji mtoto ajue kusoma. Kinachotumika ni herufi E iliyogeuzwa pande nne: juu, chini, kulia na kushoto. Mtoto husimama umbali uliopimwa kwa futi kamba, hufunikwa jicho moja, na huonyesha kwa mkono upande ambao miguu ya E imeelekea. Kisha hufunikwa jicho la pili. Hata mtoto wa chekechea anaweza kupimwa kwa njia hii baada ya kufundishwa kama mchezo.

Kufunika jicho moja moja ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mtoto anaweza kuwa na jicho moja zima na jingine dhaifu sana, na asionyeshe dalili yoyote kwa kuwa lile zima hubeba kazi yote. Jicho dhaifu likiachwa hivyo, ubongo huzoea kulipuuza, na baadaye hata miwani hailirejeshei uwezo wake wote. Matibabu ya hali hiyo hufaulu zaidi mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka 7 au 8.

Matokeo huandikwa kama sehemu. Macho mazima ni 6/6. Mtoto akiandikiwa 6/12, maana yake ni kwamba anapaswa kusimama mita 6 ili kuona kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 12. Asiyefikia 6/12 katika jicho lolote huandikiwa barua ya kwenda hospitalini.

Kazi hii inaweza kufanywa na mwalimu aliyepewa mafunzo. Mwalimu hatoi ugonjwa jina wala hagawi miwani. Hutenganisha makundi mawili tu: anayeona vya kutosha na anayehitaji kuonwa na mtaalamu. Baadhi ya watakaotumwa hospitalini watakutwa hawana shida. Hilo si kosa la kipimo wala la mwalimu. Ni heri mtoto mzima apimwe mara mbili kuliko asiyeona kuachwa nyuma.

Somo kutoka shule za Trans Nzoia

Mwaka wa 2018, jarida la kitabibu la The Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika shule 50 za msingi za kaunti hii, ukihusisha zaidi ya wanafunzi 20,000. Utafiti huo uliongozwa na Dkt. Hillary Rono, daktari wa macho aliyekuwa akihudumu Kitale. Shule ziligawanywa katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza, walimu walipima macho kwa kadi ya kawaida yenye herufi E, na mwanafunzi aliyekutwa na tatizo akapewa barua ampelekee mzazi. Katika kundi la pili, walimu walitumia programu ya simu iitwayo Peek. Herufi E ilitokea kwenye kioo cha simu, mtoto akaonyesha upande, na mwalimu akapitisha kidole kufuata mkono wa mtoto.

Tofauti kubwa haikuwa katika kadi na simu. Ilikuwa katika yale yaliyofuata. Wazazi wa kundi la pili walitumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha kuwapeleka watoto hospitalini. Pia walionyeshwa picha yenye ukungu iliyofanana na jinsi mtoto wao anavyoona. Walimu wakuu nao walifahamishwa ni nani ametumwa na ni nani hajafika.

Katika kundi la barua pekee, ni watoto 22 kati ya kila 100 waliofika hospitalini. Katika kundi lililokumbushwa, walifika 54 kati ya kila 100.

Takwimu hizo zina habari njema na habari mbaya. Habari njema ni kwamba mzazi akielezwa vizuri na kukumbushwa, huchukua hatua. Habari mbaya ni kwamba bila ukumbusho, karibu watoto wanne kati ya kila watano waliojulikana kuwa na tatizo hawakufika, na hata kwa ukumbusho karibu nusu walibaki nyumbani. Watoto hao walikuwa wamekwisha kupimwa. Majina yao yalikuwa yameandikwa. Walichokosa ni mtu wa kuwashika mkono hadi kliniki.

Kwa mkazi wa kaunti hii, sababu za kuchelewa si ngeni. Kutoka Endebess, Kwanza au Cherang’any hadi Kitale ni nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, na siku nzima ya kazi imepotea. Barua ikifika wakati wa kupanda, mzazi husema atakwenda baada ya palizi. Ikifika wakati wa palizi, husema baada ya kuvuna. Mahindi yakiingia ghalani, barua imekwisha kupotea. Mtoto naye amekwisha kupoteza mwaka mzima wa masomo, na pengine anakaribia mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 akiwa bado ananakili kwa jirani.

Yanayofanyika hospitalini

Hofu nyingine ya wazazi ni kutojua mtoto atafanyiwa nini. Hakuna sindano wala upasuaji katika kupima miwani.

Kwanza, mhudumu hurudia kipimo cha herufi. Kisha mtoto hutazama kupitia kitundu kidogo kwenye kadi. Akiona vizuri zaidi kupitia kitundu hicho, ni ishara kwamba tatizo linaweza kurekebishwa kwa miwani. Asipoona vizuri zaidi, mtaalamu hutafuta sababu nyingine ndani ya jicho.

Mara nyingi mtoto hutiwa matone yanayolegeza misuli ya jicho. Matone hayo huwasha kidogo, hupanua mwanya mweusi wa jicho, na kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi siku nzima, mtoto husumbuliwa na mwanga na hashindi kusoma kwa raha. Mzazi asishtuke, kwani hali hiyo hupita yenyewe. Inafaa kubeba kofia, na kutompangia mtoto kazi ya shule jioni hiyo.

Baada ya hapo, mtaalamu humulika jicho kwa taa maalumu na kubadilisha lenzi hadi apate namba. Njia hii haitegemei majibu ya mtoto. Kwa hivyo mzazi anayehofu kwamba mwanawe anajifanya haoni ili anunuliwe miwani kama ya rafiki yake hana haja ya kumkaripia, kwa kuwa mashine na taa vitasema kweli.

Kabla ya safari, mzazi abebe barua ya shule, na ahakikishe kuwa yeye na mtoto wamesajiliwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Aulize mapema, kupitia kituo cha afya kilicho karibu au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, kliniki ya macho hufunguliwa siku zipi, huduma gani zinalipiwa na SHA, na ni gharama gani atakayobeba mwenyewe. Swali moja lililoulizwa mapema huokoa nauli ya safari ya pili.

Maswali ambayo wazazi huuliza kuhusu miwani

Je, miwani hulegeza macho? Hapana. Mtoto akivua miwani baada ya kuizoea, ukungu huonekana mwingi kuliko zamani kwa sababu sasa anajua kuona vizuri ni kupi. Namba ikiongezeka mwaka unaofuata, ni kwa sababu jicho linakua, na lingekua hata bila miwani. Kumpa mtoto miwani hafifu kwa makusudi ili “macho yasizoee” hakusaidii. Utafiti uliofanywa Malaysia na kuchapishwa mwaka wa 2002 ulionyesha kwamba watoto waliopewa miwani pungufu waliharibikiwa haraka kuliko waliopewa namba kamili.

Je, miwani ya kununuliwa sokoni inafaa? Haifai kwa mtoto asiyeona mbali. Miwani inayotandazwa kandokando ya stendi ni ya kusomea, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima waliopita miaka 40. Lenzi zake zina alama ya kujumlisha, ilhali mtoto huyu anahitaji alama ya kutoa. Akiivaa, ubao utazidi kufifia.

Je, karoti au dawa ya matone inaweza kuondoa tatizo? Karoti, mboga za majani, maembe na papai vina manufaa kwa kuwa hutoa vitamini A, ambayo ukosefu wake hudhuru macho. Lakini chakula hakifupishi jicho lililorefuka. Dawa za mitishamba zinazotiwa machoni ni hatari, kwa kuwa zinaweza kuunguza konea na kuacha kovu la kudumu. Mtoto aliyekuwa na tatizo la kurekebishwa kwa miwani anaweza kugeuzwa kipofu kwa dawa ya kuambiwa.

Je, miwani itamsaidia kweli masomoni? Utafiti uliofanywa magharibi mwa China na kuchapishwa mwaka wa 2014 ulifuatilia wanafunzi wasioona mbali katika shule zaidi ya 200. Waliopewa miwani bila malipo walipata alama bora za hisabati kuliko wenzao ambao hawakupewa. Miwani haimfundishi mtoto hesabu. Humwezesha tu kuiona hesabu ikiandikwa.

Je, akichekwa? Hili si jambo dogo. Miwani mingi hutelekezwa ndani ya mkoba kwa sababu ya jina la “macho manne”. Mwalimu anaweza kulimaliza kwa dakika tano, kwa kulieleza darasa zima miwani hufanya nini na kukataza dhihaka. Nyumbani, mtoto aachwe achague fremu anayoipenda kati ya zile ambazo mzazi anazimudu. Afundishwe kuivua kwa mikono yote miwili, kuiosha kwa maji safi, kuipangusa kwa kitambaa laini, na kutoilaza kifudifudi juu ya dawati.

Mchezo wa nje ni kinga

Jambo moja halihitaji fedha. Tafiti kutoka nchi kadhaa zimeonyesha kwamba watoto wanaokaa nje mchana huchelewa kupata hali ya kutoona mbali, au hawaipati kabisa. Mjini Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30 ya wanafunzi wa shule hizo walikuwa wamepata mayopia, ikilinganishwa na karibu asilimia 40 katika shule ambazo hazikuongeza muda huo. Mwanga wa mchana unaaminika kuzuia jicho lisirefuke kupita kiasi.

Wataalamu wengi hupendekeza angalau saa mbili nje kila siku. Kwa watoto wa kaunti hii wanaotembea kwenda shule, kuchunga ndama na kucheza kandanda kiwanjani, hiyo ni hazina waliyo nayo tayari. Isipotezwe kwa kufuta vipindi vya michezo ili kupisha masomo ya ziada, wala kwa kumwachia mtoto simu kuanzia anapotoka shuleni hadi usiku. Kwa yule ambaye tayari haoni mbali, kukaa nje hakuchukui nafasi ya miwani.

Dalili zisizosubiri siku ya kupimwa

Mzazi asingoje shule ipange kipimo akiona mtoto anakunja macho ili kuona mbali, anasogelea televisheni, anainamisha kichwa upande mmoja, anaumwa kichwa baada ya masomo, au hamtambui mtu anayempungia mkono ng’ambo ya barabara. Njia rahisi ya kujaribu nyumbani ni kumfunika jicho moja moja na kumwuliza anaona nini kwenye kalenda iliyo ukutani au kibao cha duka kilicho mbali. Jaribio hilo si kipimo cha hospitali, lakini huweza kufichua jicho lililojificha.

Dalili nyingine ni za dharura. Mng’ao mweupe ndani ya mwanya mweusi wa jicho, hata ukionekana kwenye picha ya simu tu, unaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto. Makengeza yanayoanza ghafla, jicho jekundu lenye maumivu, au jicho lililochomwa na kijiti au mwiba pia hayangoji. Mtoto apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Nani anafanya nini

Chini ya Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, huduma za afya na elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, ilhali shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Ndiyo maana kupima macho ya wanafunzi huhitaji pande mbili: mwalimu aliyeajiriwa na TSC na mhudumu wa afya wa kaunti. Upande mmoja ukikosekana, mtoto hupimwa na kuachwa njiani.

Shule inaweza kuanza na mambo madogo. Mwanafunzi anayesuasua kunakili aletwe dawati la mbele wakati akisubiri miwani. Mwalimu wa darasa aweke orodha ya waliotumwa hospitalini, na aulize majina hayo katika kila mkutano wa wazazi hadi wote wawe wamefika. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi wanaweza kulitaja jambo hili barazani. Wazazi wa kijiji kimoja wenye barua za aina moja wanaweza kupanga safari pamoja, mmoja wao awapeleke watoto watatu siku moja, mradi kila mzazi ametoa idhini yake na simu yake inapatikana.

Kwa mzazi au mlezi aliye na barua ya macho nyumbani, hata kama ni ya muhula uliopita, barua hiyo haijapitwa na wakati. Aitoe ilikohifadhiwa, aulize siku ya kliniki, na ampeleke mtoto kabla shule hazijafunguliwa tena. Akirudi na miwani, ampitishe kwanza kwa mwalimu wa darasa, ili mwalimu ajue kwamba kuanzia siku hiyo mtoto anaona.